Mkono wa Mfugaji na Uzazi wa Chatu

Chatu wa kifalme (Python regius) huishi katika savana na pembezoni mwa misitu, kuanzia Senegal hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa zaidi majumbani Ulaya na Marekani, kwa kuwa ni mdogo na mpole: akitishwa hujiviringisha kama mpira na kuficha kichwa katikati, wala hakimbilii kuuma. Katika Hekalu la Chatu mjini Ouidah, Benin, wageni huvishwa nyoka hawa shingoni. Upole huo huwapotosha wafugaji. Nyoka aliyetulia mkononi si lazima awe ameridhika, kwani kutulia ndiyo silaha yake.

Kushikwa peke yake hakumfanyi chatu awe tasa. Majike wanaoshikwa mara kwa mara mwaka mzima hutaga vizuri. Shida huja pale mkono unapoingia wakati usiofaa, kwa kuwa nyoka huendesha uzazi wake kwa harufu, joto na mguso, na mkono wa binadamu huvuruga vyote vitatu.

Wafugaji wa nchi za kaskazini huwakutanisha dume na jike kati ya Novemba na Machi. Dume humtambua jike kwa ulimi: huokota chembe za harufu na kuzipeleka kwenye ogani ya Jacobson, iliyo juu ya kaakaa. Akishamfikia, humpapasa kwa vikucha viwili vilivyo kandokando ya tundu la haja, ambavyo ni mabaki ya miguu ya nyuma ya mababu zake. Wakishaungana hukaa hivyo kwa saa nyingi, pengine hata siku nzima. Kuwainua wakati huo ni kosa kubwa kuliko yote, maana kiungo cha dume kinaweza kuchanika. Harufu nayo ina uzito wake. Madume hushindana, na wapo wafugaji wanaotia gamba lililovuliwa na dume mwingine ndani ya kizimba ili kumchochea dume mzito. Kwa hiyo mkono uliotoka kumshika dume mmoja na kuingia kwa mwingine bila kunawa hupeleka habari ambazo mfugaji hakukusudia.

Msimu huu madume wengi hususa chakula. Hapo kumshika kuna faida, kwani bila kumpima kwenye mizani haijulikani kama amekonda kupita kiasi na anahitaji kupumzishwa. Jike vilevile hushikwa kwa sababu maalumu: wafugaji wazoefu humwacha atambae juu ya vidole huku wakipapasa kwa kidole gumba vifuko vya mayai vinavyokua tumboni. Kazi hiyo hutaka wepesi, na anayeanza ni afadhali aangalie kwa macho tu.

Mayai yanapoachiwa kutoka kwenye ovari, katikati ya mwili wa jike huvimba kwa siku moja hivi, kana kwamba amemeza panya mkubwa. Wiki mbili au tatu baadaye hujivua gamba, kisha hutaga baada ya takribani mwezi mmoja. Katika kipindi chote hicho jike huchagua mwenyewe mahali pa kulala kulingana na joto analolihitaji, na mara nyingine hugeuza tumbo juu. Kumtoa hapo ili kucheza naye ni kumnyima kazi yake. Ikilazimu kumhamisha, mwili wake mzito ubebwe kwa mikono miwili, usiachwe kuning'inia.

Hutaga mayai sita hivi, yaliyogandamana, kisha huyazungushia mwili kwa miezi miwili bila kula. Chatu wa India hutetemesha misuli ili kuyapasha mayai joto; huyu wa Afrika huyasaidia zaidi kwa kuzuia yasikauke. Mpole wa jana sasa anaweza kuuma. Wanaotaka kutumia mashine ya kutotolesha humfunika kichwa kwa taulo na kumkunjua taratibu, wakiyachora mayai alama ya penseli kwa juu kabla ya kuyaondoa, kwa kuwa kiinitete hujishikiza ndani ya yai mapema na kuligeuza kunaweza kukiua.

Mayai yakishaondoka, jike huweza kuendelea kujikunja mahali patupu na kukataa chakula, maadamu harufu ya mayai ingali pale. Hapa mkono ndio dawa. Jike huogeshwa kwa maji ya uvuguvugu, kizimba husafishwa na matandiko kubadilishwa, na wengi huanza kula baada ya muda mfupi. Watoto wanaoanguliwa hujivua gamba la kwanza baada ya wiki moja hivi, ndipo hupewa chakula. Kuwazoesha mkono husubiri hadi wawe wamekula mara kadhaa bila kusitasita.