Meza moja ya msumeno na ruta kwa karakana ndogo ya mizinga: angalia nini kabla ya kulipa

Tangu niandike kuhusu mizinga ya kisasa, swali linalorudi zaidi kwenye simu yangu si la nyuki, ni la mashine. Kikundi kimepata mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri, au kimechanga chenyewe, sasa kinataka kutengeneza mizinga badala ya kununua, na mingine kiuze. Wananiuliza, "Afisa, tuchukue mashine gani?" Wengi wameshaona video ya ile meza ndogo ambayo unaweka msumeno, ukimaliza kupasua unautoa na kuweka ruta. Leo nijibu hilo kwa urefu kidogo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa karakana ya vijana watatu wanne, isiyo na umeme wa njia tatu na yenye nafasi kama ya banda la bodaboda mbili, meza ya namna hii inafaa. Ila usiichague kwa ukubwa wa mota, jambo ambalo muuzaji atalisema kwanza. Ichague kwa uwezo wake wa kurudia kipimo kile kile mara mia nne bila kuyumba.

Kwa nini mia nne? Chukua masanduku kumi ya Langstroth, kila moja fremu kumi. Hizo ni fremu 100. Kila fremu ina kipande cha juu, viwili vya ubavuni na kimoja cha chini, yaani vipande vinne. Jumla 400, bado hujagusa mbao za masanduku yenyewe. Kwa msumeno wa mkono na penseli, cha kwanza kitakuwa sawa, cha hamsini kitakuwa karibu sawa, na cha mia tatu Mungu anajua.

Nyuki ndiye mkaguzi

Ukitengeneza kabati, milimita tatu zikipotea mteja hatajua. Nyuki atajua. Mchungaji wa Marekani, Lorenzo Langstroth, ndiye aliyejenga mzinga juu ya jambo hili na kupata hataza yake mwaka 1852: nyuki huacha njia ya kupita yenye upana wa kama milimita 6 hadi 9. Njia ikiwa finyu kuliko hapo wanaiziba kwa gundi yao. Ikiwa pana zaidi, wanajenga sega la ziada katikati.

Sasa tuone kwenye mbao. Sanduku la Langstroth la fremu kumi lina urefu wa ndani wa milimita 467, na fremu yenyewe ina urefu wa milimita 448 bila masikio yake. Tofauti ni 19, yaani 9.5 kila upande. Tayari uko ukingoni. Fundi akikosea sanduku likawa refu kwa milimita 6, kila upande unabaki na 12.5, na nyuki wataunganisha fremu na ukuta kwa sega. Akilifupisha kwa milimita 8, unabaki na 5.5 na fremu inagandishwa.

Mwaka juzi nilikwenda kufungua mizinga na kikundi kimoja kilichouziwa masanduku 20. Kwa macho yalikuwa mazuri, yamepakwa rangi. Tulipojaribu kutoa fremu ya pili ilikatika sikio, ya tatu ikaja na sega la jirani, asali ikamwagika, nyuki wakacharuka mpaka tukaacha. Baadaye tukapima masanduku: hakuna mawili yaliyolingana. Wale vijana walikuwa wanalipa mkopo wa mizinga ambayo haikaguliki wala haivuniki bila kuvunja.

Hata mzinga wa pao za juu, huu ambao wengi wetu tumeanzia, una hesabu yake. Pao kwa nyuki wetu ni milimita 32 upana. Ukikata 33 utasema si kitu. Lakini mzinga una pao kama 28, kwa hiyo ukifika mwisho umepotea milimita 28, karibu pao nzima. Nyuki hawakufuati wewe, wanafuata nafasi yao, na masega yanaanza kuvuka kutoka pao moja kwenda nyingine.

Meza yenyewe ikoje

Ni fremu ya miguu inayokunjwa au isiyokunjwa, juu ina tundu, na kwenye tundu inakaa sahani ya chuma au alumini. Chini ya sahani unafunga msumeno wa duara wa mkono ukiwa kichwa chini, bledi ikitokeza juu. Sahani nyingine inabeba ruta. Wajerumani wa Festool wana mfumo wao unaoitwa CMS, na sahani zake zimetengenezwa kwa mashine za Festool. Triton, walioanzia Australia, walianza kutengeneza meza za kufungia msumeno wa mkono miaka ya 1970. Zipo pia meza nyingi za bei nafuu madukani Dar na Arusha, baadhi hazina hata jina, na nyingine si mbaya.

Hapa ndipo pa kuchagua kwa makini. Kuna meza ambazo kila mashine ina sahani yake na inabaki imefungwa hapo siku zote. Ukitaka kubadilisha unanyanyua sahani, unaweka nyingine, dakika mbili. Na kuna meza zenye sahani moja, ukitaka ruta ufungue msumeno kwa spana, nati moja ianguke kwenye vumbi la mbao, uitafute. Ya pili ni rahisi kwa bei, lakini kila ukifunga msumeno upya unaanza kuunyoosha upya. Kwa kazi ya mizinga, lipia sahani mbili. Kama hela haitoshi, basi punguza ukubwa wa mashine, usipunguze sahani.

Maana ukubwa wa mashine hauhitajiki sana. Mbao za paini za inchi moja kutoka Mafinga, zikisharandwa, zinabaki kama milimita 20 hadi 22. Msumeno wenye bledi ya milimita 165 unakata kina cha kama 55. Inatosha na kubaki. Mota ya wati 1,200 hadi 1,400 yenye bledi kali inapasua paini bila kulia. Mninga ni habari nyingine, ila kama unatengeneza mizinga kwa mninga, kaka, una hela kuliko mimi.

Nenda dukani na rula

Chukua rula ya chuma ya sentimita 60 au mita moja, guniya, na kipande cha ubao ulionyooka. Muuzaji atakushangaa, mwache.

Laza rula juu ya meza kwa wima, kisha pembe kwa pembe. Mwanga ukipita katikati, meza imebonyea. Pitisha ukucha pale sahani inapokutana na meza. Ukikwama, ubao nao utakwama, na kwenye ruta utapata kovu kila ulipokwama. Sahani nzuri ina skrubu ndogo kwenye pembe za kuipandisha na kuishusha.

Halafu fensi, ule upau unaoegemeza ubao. Hii naipa nusu ya alama zote. Ifunge, kisha isukume kwa mkono upande wa nyuma. Ikicheza, achana na meza hiyo hata ikiwa na mota ya kuendesha kinu. Kama haichezi, umeme ukiwa umechomolewa, weka alama kwenye jino moja la bledi, pima kutoka jino hilo hadi fensi likiwa mbele, zungusha bledi jino hilo hilo liwe nyuma, pima tena. Vipimo vilingane. Nyuma pakiwa finyu, ubao utabanwa kati ya bledi na fensi na kurushwa kifuani kwako. Si hadithi, ni ajali ya kawaida kabisa kwenye misumeno ya meza.

Wakikuruhusu kuwasha, kata ubao wako vipande viwili, kisha pindua kimoja juu chini na uviunganishe tena pale ulipokata, vikiwa vimelala mezani. Mwanya ukionekana, bledi haijasimama nyuzi 90. Kama inarekebishika, sawa. Kama bledi imeegemea na hakuna skrubu ya kuisimamisha, rudi nyumbani.

Ruta na midomo yake

Ruta ndiyo inayochonga kile kidaraja cha kubeba masikio ya fremu, mafundi wengine wanakiita ribeti. Upana wake ni milimita 10, kina chake 16. Sikio la fremu lina unene wa kama milimita 10, kwa hiyo juu yake inabaki 6, njia ya nyuki. Ukichonga kina cha 12 umebakiza 2, na sanduku la juu litagandishwa kwenye fremu za chini. Usichonge 16 kwa mkupuo mmoja. Nenda mara tatu, ukipandisha biti kidogo kidogo. Kwa hiyo uliza: biti inapandishwaje ruta ikiwa kichwa chini? Kama ni kwa kuingiza mikono yote miwili chini ya meza huku unachungulia, utachoka siku ya kwanza. Tafuta yenye kinyundo au skrubu ya kupandishia kutoka juu.

Na angalia mdomo unaoshika biti. Mmoja wa milimita 6 haushiki salama biti ya robo inchi, kwa sababu robo inchi ni milimita 6.35. Wala 12 si sawa na nusu inchi, ambayo ni 12.7. Nunua ruta ambayo biti zake unazipata mjini kwako, si zile za kuagiza kila mara.

Ukisimama mbele ya meza, fensi ikiwa ng'ambo ya biti, ubao unasukumwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ukienda kinyume, biti inaunyakua ubao pamoja na vidole vilivyoushika. Kijiti cha kusukumia kiwepo siku zote. Glavu hapana, bledi ikizishika inavuta mkono mzima.

Umeme wetu huu

Msumeno wa mkono una swichi ya kubonyeza. Ukifungwa chini ya meza, watu wanaibana kwa kamba ibaki imewaka. Sasa fikiria: umeme umekatika katikati ya kazi, umeinama unasafisha vumbi karibu na bledi, umeme unarudi. Ndiyo maana nasisitiza meza iwe na kisanduku chake cha swichi, chenye kitufe kikubwa chekundu cha kuzimia, na cha aina inayobaki imezimika umeme ukirudi mpaka uwashe mwenyewe. Jaribu dukani: washa, chomoa plagi, chomeka tena. Ikiwaka yenyewe, haifai.

Hakikisha pia kile kipande cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi kipo, kinachozuia mbao kufunga baada ya kukatwa. Wauzaji wengine wanakitoa ili meza ionekane safi.

Mashine za mtumba kutoka Japani ni za volti 100, za Marekani ni 120. Zinakuja nyingi na ni imara, lakini utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na hiyo iingize kwenye bei. Kwa wanaotumia jenereta, wati 1,400 zinataka jenereta ya kVA 3 hivi, kwa sababu mota inavuta zaidi inapoanza. Waya wa kuvutia umeme mbali uwe wa milimita za mraba 2.5, usiwe ule mwembamba wa redio, mota itaungua taratibu bila kukuambia.

Nani asinunue

Kama mnahitaji mizinga 15 ya kwenu tu, msinunue. Tafuteni fundi mwenye mashine, mpelekeeni sanduku moja la mfano lililo sahihi, na mlipe baada ya kupima kila moja. Na kama mnatengeneza mizinga ya pao za juu pekee, nunueni meza na sahani ya msumeno. Ruta ingoje mpaka mhamie Langstroth. Huo ndio uzuri wa meza za vipande, hamlazimiki kulipa vyote siku moja.

Mkishanunua, pangeni kazi kwa mafungu. Pasueni mbao zote za wiki kwa kipimo kimoja kabla ya kugusa fensi, kisha mkate urefu wote, mwisho ndipo muweke ruta na kuchonga vidaraja vyote. Anayebadilisha sahani mara tano kwa siku anapoteza vipimo mara tano. Sanduku la kwanza litakalotoka sahihi lisiuzwe. Liandikeni KIPIMO kwa rangi nyekundu, likae juu ya rafu, na kila Jumatatu fensi ipangwe kwa kulitumia hilo, si kwa futi ya mtu.