Je, Wajua? Ngano Huweza Kuota Ikiwa Bado Shambani

Je, wajua kwamba ngano iliyokomaa inaweza kuchipua kabla ya kukatwa? Huko Uingereza, mavuno yakichelewa hadi Septemba na mvua zisikome, punje hulowa na kuanza kuota zikiwa kwenye masuke.

• Hata kabla chipukizi halijaonekana, kimeng'enya cha amilesi huanza kugeuza wanga kuwa sukari. Mkate wa unga huo hunata ndani na haukatiki vizuri.

• Wenye vinu hupima athari hiyo kwa jaribio la Hagberg. Unga na maji hukorogwa katika joto hadi viwe uji, kisha kijiti cha chuma huachwa kizame. Kikizama upesi, wanga umeharibika. Ngano ya mkate kwa kawaida hutakiwa kufikisha sekunde 250.

• Nafaka ya kuhifadhiwa ghalani haifai kuzidi unyevu wa asilimia 15. Kuishusha tani 1 kutoka asilimia 20 hadi 15 ni kuondoa takriban kilo 59 za maji, na moto wa mashine ya kukaushia hugharimu.

• Hata hivyo, mkulima mwenye mashine hiyo mara nyingi huvuna ngano ingali na unyevu, maana kungoja jua kunaweza kumgharimu zaidi. Hutanguliza ngano ya mkate. Ya mifugo husubiri.

• Ngano iliyofeli jaribio haitupwi. Huuzwa kuwa chakula cha mifugo, kwa bei ya chini.