KUCHAGUA UKANDA WA SHINGONI NA KUMZOESHA MBWA KAMBA KABLA YA SIKU YA CHANJO

Wananchi wote wafugao mbwa katika mwambao wa Mtwara, tangu Mikindani hadi Msimbati, Mahurunga na Kitaya kandokando ya Mto Ruvuma, pamoja na watumishi wa umma wanaoshughulikia mifugo, afya na utawala wa vijiji, wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa makini. Yanahusu ukanda afungwao mbwa shingoni na namna ya kumwongoza bila ya kuvutana naye. Jambo hili kwa wengi huonekana dogo. Dogo silo, kwani mbwa asiyeongozeka kwa kamba huachwa nyumbani siku ya chanjo, na kwa mbwa kama huyo maradhi ya kichaa cha mbwa hupata mlango wa kuingilia.

Sababu ya maelezo haya

Yafaa ifahamike kwamba kichaa cha mbwa, dalili zake zikishamtokea mtu, karibu daima humwua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa maradhi haya kila mwaka, walio wengi wao katika Afrika na Asia. Kati ya kila wagonjwa 100, wapatao 99 huambukizwa na mbwa, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Njia ya kuuzuia msiba huu inajulikana nayo si ngumu: wakichanjwa mbwa 70 kati ya kila 100 katika eneo, na chanjo ikarudiwa kwa wakati wake, maradhi hukosa njia ya kupita toka mbwa mmoja hadi mwingine.

Mkoa wa Mtwara una historia katika kazi hii. Tangu mwaka 2010 hadi 2015, pamoja na mikoa ya Lindi, Pwani, Morogoro na Dar es Salaam na kisiwa cha Pemba, uliingizwa katika mpango mkubwa wa kuchanja mbwa uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Utaratibu uliotumika ni wa wenye mbwa kuwaleta wanyama wao mahali palipotangazwa, kwa mfano penye shule au chini ya mti mkubwa wa kijiji. Utaratibu huo una gharama nafuu, lakini una sharti moja: mbwa lazima aweze kufika. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mkoani Morogoro, na kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa ugumu wa kumshika na kumwongoza mbwa ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyozuia baadhi ya mbwa kufikishwa kwenye chanjo.

Kwa nini mbwa huvuta

Mbwa wengi wa pwani yetu hufugwa kwa ulinzi wa nyumba, na wa kukinga mashamba dhidi ya nguruwe mwitu, nyani na tumbili. Hutembea huru mwaka mzima, na kamba huiona siku ya chanjo tu. Siku hiyo hukamatwa kwa nguvu, hufungwa kwa chochote kilichopatikana, kisha huburutwa katikati ya makelele ya mbwa wa wenzao. Mbwa wa namna hii akivuta havuti kwa ukaidi, bali kwa hofu.

Yuko pia mbwa avutaye kwa furaha, mwenye haraka ya kufika mbele. Huyu amejifunza kwamba akivuta, bwana wake humfuata, kwa hiyo kuvuta kwamlipa. Wote wawili wana hali moja: kila kamba inapokazwa, nao huzidi kujikaza upande wao. Ndiyo maana kushindana nao kwa nguvu hakuleti mafanikio, na mara nyingi mwisho wake ni kamba kukatika au mkono kuumwa.

Aina za mikanda na hukumu yake

Mwenye mbwa anayetaka kununua au kutengeneza ukanda, au kola kama wengi waiitavyo, azingatie yafuatayo:

(a) Waya, mshipi wa kuvulia na kamba nyembamba ya nailoni. Vitu hivi visitumike kabisa. Hukata ngozi, hubana koo, na humwongezea mnyama hofu iliyomfanya avute. Hali kadhalika, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama pasipo sababu.

(b) Mnyororo au kitanzi kinachojikaza. Hiki hubana kila mbwa anapovuta, wala hakina mwisho wa kubana. Baadhi ya watu hukisifu kwamba humtia mbwa adabu. Ukweli ni kwamba hukwaruza koomeo na kuzuia pumzi, na mbwa aliyekwisha kushikwa na hofu hajifunzi kitu kwa kukabwa.

(c) Ukanda wenye meno ya chuma kwa ndani, na ukanda wa umeme uuzwao nchi za nje. Hivi hufanya kazi kwa maumivu. Mbwa aumizwaye karibu na mtoto au mbwa mwingine huweza kudhani kwamba maumivu yametoka kwa huyo aliye karibu naye, akamwuma. Nchi kadhaa zimeikataza mikanda ya umeme. Wales, katika Uingereza, iliipiga marufuku mwaka 2010.

(d) Ukanda bapa wa ngozi au turubai, wenye bizimu na pete ya chuma ya kufungia kamba. Huu ndio unaopendekezwa kwa mbwa walio wengi. Uwe na upana wa sentimita mbili na nusu hivi, ili nguvu isikusanyike mahali pembamba. Fundi viatu yeyote aweza kuushona kwa mkanda wa zamani wa suruali au utepe mnene wa turubai.

(e) Mkanda wa kifuani, uzungukao kifua na mabega, wenye pete mbele ya kifua. Huu unafaa kwa mbwa mwenye nguvu nyingi. Koo halibanwi, na mbwa akivuta kwenda mbele kamba humgeuza upande wa bwana wake, hivyo nguvu yake hupungua bila ya kuumizwa.

Asiye na uwezo wa kupata ukanda wa namna hizi aweza kutumia kamba nene na laini, iliyofungwa kwa kitanzi kisichojikaza. Fundo hilo wavuvi na mabaharia wetu wanalijua vyema, maana ndilo wafungalo chombo gatini. Mwenye kulijua na amfundishe jirani yake.

Kipimo cha ukanda ni hiki: vidole viwili vipite kati ya ukanda na shingo ya mbwa, wala visizidi. Ukiwa umebana zaidi, mbwa hukosa raha. Ukiwa umelegea zaidi, hurudi nyumanyuma akautoa kichwani na kukimbia. Kamba ya kumwongozea iwe na urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, nayo isizungushwe mkononi, kwani mbwa akishtuka huweza kumwangusha aliyeishika na kumwumiza vidole.

Kumzoesha mbwa kamba

Hapana ukanda wowote, hata ukiwa wa thamani, unaomfundisha mbwa peke yake. Ukanda ni chombo. Mafunzo ni kazi ya mwenyewe. Inashauriwa kazi hiyo ianze wiki mbili au tatu kabla ya siku ya chanjo, kwa muda mfupi wa dakika tano hadi kumi kila siku, kwa utaratibu ufuatao:

1. Siku za kwanza mbwa avishwe ukanda tu wakati wa kula, kisha aachwe atembee nao uani mpaka asahau kuwa anao.

2. Baada ya hapo kamba ifungwe, aiburute mwenyewe huku akiangaliwa, ili isije ikanasa penye mti au uzio.

3. Kisha kamba ishikwe, na mwendo uanze polepole karibu na nyumba. Mbwa akivuta, aliyeshika asimame kimya, asimvute wala asimpige. Kamba ikilegea tu, hata kidogo, apewe kipande cha ugali au dagaa mmoja, na mwendo uendelee. Kwa njia hii mbwa hujifunza kwamba kamba iliyolegea ndiyo imfikishayo aendako.

4. Mbwa aketiye chini kwa hofu asiburutwe. Aitwe kwa sauti ya upole, aonyeshwe chakula, na hatua moja ihesabiwe kuwa ushindi.

5. Akizoea nyumbani, apelekwe njiani, hatimaye hadi mahali patakapotolewa chanjo, ili siku ikifika pasiwe pageni kwake.

Watoto wa mbwa huzoea upesi kuliko wakubwa, kwa hiyo waanzishwe mapema, nao wapelekwe kwenye chanjo kama wenzao.

Wapo wananchi ambao kwa ajili ya tohara hawapendi kumgusa mbwa, hasa mate yake. Jambo hilo laeleweka, na ukanda pamoja na kamba ndefu humsaidia mtu kumwongoza mnyama bila ya kugusana naye. Kumfundisha mbwa nako si jambo geni katika dini. Aya ya nne ya Suratul Maida inataja wanyama wawindaji waliofunzwa na watu.

Siku ya chanjo

Mbwa apelekwe na mtu mzima anayemjua. Imekuwa desturi katika vijiji vingi kuwatuma watoto, na mtoto mdogo hawezi kumzuia mbwa aliyeshtuka. Mbwa wawili wasifungwe kamba moja. Mwenye mbwa mkali amfunge mdomo kwa utepe wa kitambaa kwa muda mfupi tu, na amwarifu mchanjaji mapema.

Watendaji wa vijiji na maofisa mifugo nao wanakumbushwa kuchagua mahali penye kivuli na nafasi, kuwatenganisha mbwa kwa hatua kadhaa katika foleni, na kutenga njia ya kuingilia na nyingine ya kutokea. Tangazo la chanjo litolewe mapema, ili wananchi wapate muda wa kuwazoesha mbwa wao. Tangazo la jana yake huleta mbwa wachache.

Mtu akiumwa

Mtu yeyote akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, akiwemo aumwaye katika kumfunga au kumzoesha kamba, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila ya kuchelewa ili apimiwe haja ya chanjo. Kuosha kwa ajili ya tohara ni jambo moja, na kuosha kwa ajili ya kinga ni jingine. Mtu asitosheke na la kwanza akaliacha la pili. Hali kadhalika asingoje kuona iwapo mbwa atakufa, kwa kuwa dalili kwa binadamu kwa kawaida huchukua wiki au miezi kutokea, na zikishatokea nafasi ya kuokoa huwa imepita.

Funzo la Pemba

Kisiwa cha Pemba kilifanikiwa kukitokomeza kichaa cha mbwa mwaka 2014. Mwaka 2016 maradhi yaliingia tena kisiwani, na ilibidi kampeni za chanjo zirudiwe mpaka yakatoweka tena mwaka 2018. Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliingiliwa upya, sisi tulio mpakani, ambako watu na wanyama wao huvuka Ruvuma kila siku, hatuna budi kuwa macho zaidi.

Chanjo huletwa na Serikali, lakini hatua za kutoka mlangoni hadi chini ya mti wa chanjo ni za mwenye mbwa mwenyewe. Kila mwananchi afugaye mbwa anaombwa amtafutie ukanda unaofaa na aanze kumzoesha kamba leo, pasipo kungoja sauti ya kipaza sauti.