Kamati ya Kongamano na Mila Zake

Watanzania tumezaliwa ndani ya kamati. Mtu akifiwa, kabla turubai halijafungwa uani, kamati ya mazishi imeshapata mwenyekiti na mweka hazina. Posa ikikubaliwa, kamati ya harusi huanza kukaa kila Jumapili, na daftari lake lina safu mbili zinazojulikana nchi nzima: ahadi na taslimu. Kwa hiyo mwanafunzi wa uchumi anayekuta tangazo ubaoni kwamba wanatafutwa wajumbe wa kuandaa kongamano la wanafunzi wa shahada ya kwanza, hakuti jambo geni. Anakuta kamati ya harusi isiyo na bibi harusi. Mila zake nyingi, njema kwa mbaya, zimetoka huko huko.

Makongamano ya uchumi kwa desturi ni ya wakubwa. Nairobi kuna Muungano wa Utafiti wa Kiuchumi Afrika, AERC, ulioanzishwa mwaka 1988, na warsha zake zinaheshimika bara zima. Lakini wanaopanda jukwaani pale ni wahadhiri, watafiti na wanaosomea shahada za juu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza nafasi yake ni kusoma walichoandika wengine na kukijibia mtihani. Ndiyo maana wanafunzi, hapa na kwingineko, wakaamua kujitengenezea jukwaa lao. Katika Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington, kongamano la Carroll Round lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Kamati ya wanafunzi hupokea kazi za utafiti za wenzao kutoka vyuo mbalimbali, huzichambua na kuwaita wachache waje kuziwasilisha na kuulizwa maswali. Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Warwick, wanafunzi wameshika njia nyingine: mkutano mkubwa wa mwisho wa juma, mamia ya vijana ukumbini na wazungumzaji mashuhuri jukwaani. Ya kwanza ni mila ya makala, ya pili ni mila ya mgeni. Kila kamati ya aina hii ninayoijua huvutana kati ya hizo mbili, hata kama wajumbe wake hawajawahi kuisikia Georgetown wala Warwick.

Nasi tuna mababu zetu. Mwaka 1967 wanafunzi wa chuo kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam, waliunda chama cha wanamapinduzi wa Afrika, USARF, na mwenyekiti wake alikuwa kijana wa Uganda aliyekuwa akisomea uchumi na siasa, Yoweri Museveni. Walter Rodney alikuwa mhadhiri pale, na hakuona tabu kukaa na wanafunzi. Jumapili, badala ya kulala, waliendesha madarasa yao wenyewe ya itikadi na uchumi wa kisiasa. Mwaka 1969 wakaanzisha jarida la Cheche, wakaliandika, wakalipiga chapa kwenye stensili, wakalidurufu na kulisambaza kwa mikono yao. Ndani ya jarida hilo ndimo mwenzao Issa Shivji alimotoa uchambuzi wake wa mapambano ya kimya ya matabaka nchini, mwaka 1970, na kabla mwaka huo haujaisha jarida na chama vyote vilikuwa vimepigwa marufuku. Mmoja wa waliokuwa katika bodi ya uhariri, Zakia Meghji, alikuja kuwa Waziri wa Fedha mwaka 2006, mwanamke wa kwanza kushika wizara hiyo Tanzania. Hawakuwa na mdhamini, fulana wala picha ya pamoja. Walikuwa na hoja.

Tuingie sasa kwenye kamati za leo. Mlango wake ni usaili. Mwombaji anaitwa jioni kwenye chumba cha semina, mbele yake wamekaa wanafunzi watatu au wanne ambao jana walikuwa nyuma yake kwenye foleni ya chakula, na leo wanamtazama kama hawamfahamu. Maswali ni yale yale kila mwaka. Kwa nini unataka kujiunga nasi? Una uzoefu gani wa uongozi? Je, wiki za testi zikifika utaendelea kuja vikaoni? Hilo la mwisho ndilo la maana, na karibu kila mtu hulijibu kwa uongo wa nia njema. Anayejua mambo hujibu kwa namna nyingine: anasema ana siku zipi, na siku zipi asitegemewe. Huyo mshike.

Ukishapokewa, umri wako ni mwaka wako wa masomo. Wa mwaka wa kwanza hubeba viti na kubandika matangazo. Wa mwaka wa pili ndio wenye vyeo. Wa mwaka wa tatu huitwa washauri, maana yake wanafika kikaoni wakati wakipenda na kusema kwamba mwaka wao mambo yalikwenda vizuri zaidi. Juu ya wote yupo mlezi, mhadhiri ambaye sahihi yake hutafutwa kuliko ushauri wake. Na kuna mgawanyo mwingine usioandikwa popote: wavulana hupelekwa fedha na itifaki, wasichana mapokezi na chakula. Nimeona msichana aliyepata A ya ekonometriki akikabidhiwa kazi ya kuchagua rangi ya vitambaa vya meza. Mila hii tumeirithi nzima nzima bila kuipekua, na haina faida yoyote.

Kikao chenyewe kina ibada yake. Mwenyekiti hugonga meza mara mbili. Kabla ya hapo alikuwa "mwanangu" au "oya". Kuanzia hapo ni "Mheshimiwa Mwenyekiti", na hata mwenzake wa chumbani humwita hivyo bila kucheka. Katibu husoma ajenda: kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa za kamati ndogo, mengineyo, kufunga. Mgeni anaweza kudhani kazi hufanyika kwenye taarifa. La. Taarifa za kamati ndogo zote zina sentensi moja, "tunaendelea vizuri". Kazi, na ugomvi, viko kwenye yatokanayo na mengineyo. Kwenye yatokanayo ndipo katibu anapoinua macho kutoka kwenye muhtasari na kuuliza kwa upole, "Kikao kilichopita tulikubaliana kwamba barua ya ukumbi ingepelekwa Jumatatu. Ilipelekwa?" Ukimya unaofuata unamfundisha kijana uwajibikaji kuliko somo lolote la utawala bora. Kwenye mengineyo ndipo anapoibuka mjumbe aliyenyamaza saa nzima, akaomba kujua kwa nini fulana zimepanda bei.

Wanauchumi wanayo maelezo ya haya yote. Mancur Olson aliandika mwaka 1965 kwamba kundi likiwa kubwa, kila mmoja huona mchango wake mdogo, akasubiri wengine wafanye. Mwanafunzi husoma hoja hiyo, huijibia swali la alama kumi, kisha jioni huikuta hai ndani ya kundi la WhatsApp: wajumbe thelathini wameona ujumbe, wawili wamejibu, na mmoja kati ya hao wawili ametuma dole gumba. Wanauchumi huwaita hao wengine wadandiaji, watu wanaopanda gari likiwa limeshaondoka na kushuka kabla ya nauli kudaiwa. Elinor Ostrom, aliyetunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata, alionyesha kwamba jamii nyingi hazihitaji serikali wala soko ili kuwadhibiti watu wa namna hii. Zinahitaji kanuni walizozitunga wenyewe, macho ya wenzao na adhabu inayoanza kidogo na kupanda taratibu. Kamati nzuri hufanya hivyo hivyo bila kumsoma Ostrom: kuchelewa faini ndogo, kukosa vikao viwili bila udhuru jina linasomwa mbele ya wote, cha tatu jina halipo kwenye cheti. Hapo kwenye cheti ndipo wadandiaji hupata akili.

Kipimo cha mwanakamati, hata hivyo, ni barua ya udhamini. Huanza na "YAH: OMBI LA UDHAMINI WA KONGAMANO", kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari. Kisha inakuja sentensi ambayo Mtanzania aliyesoma anaweza kuiandika usingizini: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Inaambatanishwa bajeti, muhuri wa idara na sahihi ya mlezi. Vijana wawili huvaa mashati yaliyopigwa pasi, hupanda daladala mpaka Posta, huvuka meza za walinzi, na hatimaye hufika mapokezi. Dada wa mapokezi hugonga muhuri wa kupokea kwenye nakala, huwapa kitabu wasaini, husema, "Mtapigiwa." Hawapigiwi. Wanarudi Jumatano, wanaambiwa mhusika yuko safarini. Wanarudi tena, wanaambiwa bajeti ya mwaka imeshafungwa. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliwahi kutujibu kwa katoni za maji ya kunywa na bango lake kubwa kuliko la kongamano. Tuliyapokea, na bango tulilitundika. Ombaomba hachagui, lakini mwanakamati hujifunza kusoma tofauti kati ya ahadi na taslimu, elimu ambayo benki kadhaa zimewahi kuilipia ghali.

Pesa za ndani nazo zina msimu wake. Michango ya wanafunzi huitishwa pale bumu, fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, linapotoka, kwa sababu wiki mbili baadaye hakuna mtu mwenye kitu. Mweka hazina mwerevu hukaa karibu na habari hizo kuliko mtu yeyote chuoni. Na mwerevu zaidi hubandika hesabu ukutani kila wiki, kiasi kilichoingia na kilichotoka, hata nauli ya daladala. Uwazi huo umetoka moja kwa moja kwenye kamati za harusi na misiba, ambako mtu aliyechanga elfu tano ana haki ya kuuliza kama aliyechanga laki. Ni mila njema, na ni somo la fedha za umma kwa vitendo.

Sasa niseme kinachoniuma. Siku ya kongamano ikifika, ratiba inasema saa 2:00 asubuhi. Saa 4:00 mgeni rasmi bado yuko njiani. Wajumbe wa mapokezi wamesimama mlangoni tangu alfajiri. Anapofika, ukumbi unasimama, anapelekwa meza kuu yenye maua na chupa za maji, mshereheshaji anatambulisha kila aliyeketi pale, na kila anayetambulishwa anaomba kusema machache. Wanaofuata wanaokoa muda kwa kusema "itifaki imezingatiwa", kisha wanautumia muda waliouokoa. Hotuba, zawadi, picha ya pamoja, chai. Inapofika zamu ya makala za wanafunzi ni saa 8 mchana, mgeni rasmi ameshaondoka na nusu ya ukumbi, na msichana aliyehesabu kwa miezi bei za vitunguu kutoka shambani hadi Kariakoo, akatafuta ni nani anayekula tofauti ile, anaambiwa ana dakika tano. Anaisoma ikisiri tu. Maswali hakuna, muda umekwisha.

Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika makongamano yetu mgeni huja, na mwenyeji ndiye anayeugua. Kamati imetumia muhula mzima kuandaa siku ya wanafunzi, ikaitoa zawadi kwa mtu ambaye hakuiomba. Sababu yake haifichiki: mgeni mkubwa huvuta wadhamini, na wadhamini huleta chakula. Lakini harusi ina sababu ya kuwa na meza kuu, kwa kuwa waliokaa pale ndio wenye shughuli. Kwenye kongamano la wanafunzi, wenye shughuli ni walioandika makala. Ikiwa lazima tuige harusi, basi tuige mpaka mwisho: tuwaketishe wao mbele.

Kurekebisha hili hakuhitaji fedha. Makala ziwasilishwe asubuhi, watu wakiwa na akili safi. Mgeni rasmi aje kufunga, na apewe mapema nakala za kazi tatu bora azizungumzie. Wengi wao, ukiwaomba hivyo, hufurahi. Kila makala ipate mchambuzi mmoja aliyeisoma kabla, hata kama ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyeacha ushauri wake nyumbani. Mwishoni kazi zikusanywe, zidurufiwe au ziwekwe kwenye faili moja mtandaoni, ili kamati ya mwakani ianze na kitu zaidi ya bango la zamani na madeni ya fulana.

Kwako unayetaka kujiunga: nenda. Utajifunza kuandika muhtasari, kudai deni kwa adabu, kusimama mbele ya watu na kukataliwa bila kukasirika, na hayo hayamo kwenye kitabu chochote cha uchumi. Ila usaili ukifika na ukaulizwa unataka kamati ndogo ipi, usikimbilie itifaki wala fedha. Omba kamati ya mada, ile inayoshughulikia makala, na ukiingia humo, ilinde asubuhi ya makala kwa meno.