Kibumba, mpito wa milima ambao wengi huupita bila kuutazama

Anayetoka Goma kuelekea Rutshuru kwa miguu au kwa baiskeli huanza kupanda kabla nyumba za mji hazijaisha. Barabara ya kitaifa nambari 2 inapita kando ya uwanja wa ndege, inafika Kanyaruchinya, kisha Kibati, na kutoka hapo hadi Kibumba miguu haipati nafasi kubwa ya kupumzika. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Huku juu, barabara inakaribia mita 2,000. Ni safari ya kilomita zaidi kidogo ya 20. Ndani ya gari mtu huona vumbi na mgongo wa lori lililo mbele yake. Anayetembea huona kitu kingine kabisa.

Kushoto kwake anasimama Nyiragongo, mita 3,470, na moshi wake. Kulia, mawingu yakiwa bado hayajashuka, Mikeno inaonekana na kilele chake kilichovunjikavunjika, mita 4,437. Nyuma yake, kwenye mpaka na Rwanda, iko Karisimbi yenye mita 4,507, mkubwa kuliko milima yote ya Virunga, ambao kichwa chake hugeuka cheupe siku za baridi kali. Kibumba ni mlango kati ya milima hiyo. Watu wanaosafiri mbali kutafuta njia nzuri za milimani wangefurahi kuwa na moja kama hii nyuma ya mji wao.

Kuna jambo ambalo macho hayalioni. Mvua inayonyesha upande wa Goma huenda Ziwa Kivu, inashuka na Ruzizi hadi Tanganyika, inatoka kwa mto Lukuga, inaingia mto Kongo na kumalizikia bahari ya Atlantiki. Ile inayonyesha upande wa pili huenda mto Rutshuru, Ziwa Edouard, Semliki, Ziwa Albert, kisha Nili, hadi Misri na bahari ya Mediterania. Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba zamani maji ya bonde hili yote yalikuwa yakienda kaskazini, mpaka volkano zilipoinuka na kuziba njia. Ukuta huo wa volkano ndio ambao mtu anaupanda anapoelekea Kibumba. Hakuna kibao kinachosema hivyo. Hata kijito cha kuonyesha hakuna, kwa sababu mawe ya volkano yanameza maji yote. Wenyeji wanajua taabu hiyo, na waliokuwa hapa 1994 wanakumbuka kwamba maji ya kambi kubwa ya wakimbizi ya Kibumba yalilazimika kuletwa kwa malori.

Wanaoijua njia hii vizuri kuliko wote si watalii. Ni watu wa chukudu. Wanashuka kutoka Kibumba na vijiji vya jirani na magunia ya viazi, mashu, karoti na makala, mzigo ambao unaweza kupita kilo 300, juu ya mbao na magurudumu mawili ya miti yaliyovalishwa mpira wa tairi. Mahali pa tambarare dereva anaweka goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili. Mteremko ukianza anasimama na kuacha uzito ufanye kazi yake. Breki ni kipande cha mpira nyuma, ambacho anakikanyaga mpaka kibane gurudumu. Hakuna kinyororo, hakuna pedali, hakuna mafuta. Shamba liko juu na soko liko chini, basi mlima wenyewe ndio injini. Goma imejenga sanamu ya chukudu katikati ya mji, na ni haki yake, lakini sanamu haionyeshi saa za kurudi, wakati dereva huyo anaisukuma kwa mikono hadi juu.

Kwa baiskeli ya kawaida, kinga kama wengine wanavyoiita, mambo ni kinyume. Kupanda ni polepole lakini si hatari. Hatari iko katika kushuka: mashimo, mchanga mweusi unaoteleza, moto zinazopita pande zote mbili, na malori ambayo hayapungui mwendo kwa ajili ya mtu wa magurudumu mawili. Heri kutoka alfajiri, kabla ya msongamano na kabla mawingu hayajafunika vilele. Breki zikaguliwe Goma, si Kibati.

Anayetaka kuacha barabara ana njia ya Nyiragongo, inayoanzia Kibati. Ni kama kilomita 8, saa 4 hadi 6 za kupanda mita karibu 1,500, na walinzi wa hifadhi huongozana na wageni wakati ambapo hifadhi inapokea watu. Mpito mwingine uko juu zaidi, Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi. Huko hakuna gurudumu linalofika. Mmarekani Carl Akeley, ambaye alisukuma sana ili hifadhi hii ianzishwe mwaka 1925, alifariki huko mwaka uliofuata na kuzikwa hapohapo. Dian Fossey naye alianzia Kabara utafiti wake wa sokwe mwanzoni mwa 1967. Miezi michache baadaye vita vilimwondoa, akavuka kwenda Rwanda, na jina lake likabaki upande ule.

Jambo hilo limejirudia. Mstari huohuo unaogawa maji ya Kongo na ya Nili unaendelea ndani ya Rwanda, na huko umepewa jina na vibao: njia ya kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi, kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika Afrika. Msomaji wa Goma anaweza kukasirika akisoma hayo, na ana sababu zake. Lakini si kwamba vilima vya upande ule ni vizuri zaidi.

Kilichokosekana Kibumba kinajulikana. Mei 2018 mlinzi wa hifadhi aliuawa na watalii wawili Waingereza walitekwa katika eneo hili. Hifadhi ikafungwa kwa wageni hadi Februari 2019. Aprili 2020 walinzi 12 waliuawa pamoja na raia karibu na Rumangabo, kwenye barabara hiihii. Februari 2021 balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake na dereva wao waliuawa karibu na Kibumba. Mwishoni mwa 2022 vita vya M23 vilifika hapa, na barabara ikajaa watu wanaoshuka kwa miguu na magodoro kichwani, watoto mgongoni na mbuzi kwenye kamba, hadi kambi za Kanyaruchinya. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma yenyewe iliingia mikononi mwa M23. Kutembea, katika njia hii, kwa familia nyingi kumekuwa na maana moja tu.

Hata volkano imechangia. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka usiku na mawe ya moto yakakata barabara kaskazini mwa mji. Magari yalisimama pande zote mbili. Watu hawakungoja: walianza kuvuka kwa miguu juu ya mawe ambayo yalikuwa bado hayajapoa, na baadhi yao walipoteza maisha. Viazi vya Kibumba na masoko ya Goma havikuweza kutengana hata kwa siku chache.

Leo mawe hayo ni meusi na baridi, na majani madogo yameanza kuota kwenye nyufa. Asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya Karisimbi, chukudu za kwanza zinashuka zikipiga kelele kwenye changarawe, na wanaotembea kuelekea juu wanasogea pembeni kuzipisha.