Risiti za kielektroniki: Cheti cha kidijitali hakiazimwi

Na Mwandishi Wetu, Singida

MFANYABIASHARA wa mafuta ya alizeti mjini Singida anapotoa risiti ya kielektroniki, mnunuzi huona karatasi tu. Nyuma ya karatasi hiyo kuna swali ambalo mitambo ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hulazimika kulijibu kwanza: je, risiti hii imetoka kwa aliyesajiliwa, au kwa mtu anayejifanya yeye?

Jibu hutegemea mambo mawili, usajili wa kifaa na cheti cha kidijitali. Asiyeyalinda anaweza kujikuta akidaiwa kodi ya mauzo ambayo hakuyafanya.

Mashine za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010, zikianzia kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT). Kila mashine husajiliwa kwa Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN) ya mwenye biashara na hupewa namba yake ya pekee, ambayo huchapishwa kwenye risiti.

Baadaye ukaja mfumo wa VFD, ambao programu ya kompyuta au simu hufanya kazi ya mashine. Hapa hakuna mashine ya kufungia kabatini. Kinachomtambulisha mfanyabiashara ni cheti cha kidijitali, yaani faili linalolindwa kwa nywila.

Cheti hicho huambatana na funguo mbili. Ufunguo wa siri hubaki kwa mfanyabiashara na hutumika kutia saini taarifa zinazotumwa TRA. Ufunguo wa wazi hutumiwa na mitambo ya TRA kuhakiki saini hiyo. Tarakimu moja ikibadilishwa njiani, saini hailingani tena na taarifa.

Hata hivyo, siku ya usajili ndiyo yenye hatari zaidi. Wakati huo mfumo haujamfahamu mgeni wake. Humpokea kwa sababu tu ameonyesha TIN na cheti. Fundi aliyekuja kuweka programu akiondoka na nakala ya cheti na nywila, ameondoka na saini ya mwenye duka.

Tatizo la namna hiyo limewahi kuonekana nje ya mambo ya kodi. Mwezi Desemba mwaka 2020, watafiti wa kampuni ya CyberMDX walitangaza kasoro mbili katika kompyuta nyepesi za Dell Wyse zilizotumia ThinOS toleo la 8.6 na yaliyolitangulia. Kompyuta za aina hiyo hazihifadhi kazi ndani yake, bali hutegemea seva.

Ilibainika kuwa kompyuta hizo zingeweza kuchukua mipangilio yake kutoka kwenye seva isiyodai nywila. Aliyeingia katika mtandao wa ofisi angeweza kuisoma mipangilio hiyo na hata kuibadilisha. Kasoro hizo zilipewa alama 10 kati ya 10 za hatari. Dell ilitoa marekebisho na kushauri matumizi ya njia iliyosimbwa, ambayo seva hulazimika kuonyesha cheti chake kwanza.

Fundisho ni kwamba utambulisho uwe wa pande zote mbili. Seva ikihakikishe kifaa, na kifaa nacho kiihakikishe seva.

Kwa mfanyabiashara, hatua za kujilinda si ngumu. Nywila ya cheti aiweke mwenyewe, na faili lisitumwe kwa ujumbe wa simu. Kompyuta ikiuzwa au ikipelekwa kwa fundi, cheti kiondolewe kwanza. Aidha, kikiibwa, TRA ijulishwe mara moja ili kisiendelee kutumika.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huo huo inakataza kuingia katika mifumo ya kompyuta bila ruhusa. Lakini mwizi akitumia cheti halali, mitambo itaona jina la mwenye cheti, na kazi ya kuthibitisha kwamba si yeye itaanzia dukani kwake.

Mnunuzi naye ana nafasi yake. Risiti huwa na namba ya uhakiki, ambayo ikiingizwa katika ukurasa wa TRA wa kuhakiki risiti huonyesha kama taarifa zake zimefika.