Jeni za Mbu wa Malaria: Kwa Nini Chandarua Kimoja Hakiwawezi Mbu Wote

Mama mjamzito anapohudhuria kliniki hupewa chandarua chenye kiuatilifu na kuelekezwa namna ya kukitumia. Baada ya wiki chache huenda akarudi na malalamiko ambayo wahudumu wengi wa afya wameyasikia: alfajiri amewakuta mbu wametua juu ya chandarua, nao wako hai. Je, dawa imekwisha nguvu? Je, chandarua ni bandia? Maswali hayo ni ya haki, na jibu lake halipatikani kwenye kitambaa peke yake. Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya mwili wa mbu, katika jeni zake na katika kiwango ambacho jeni hizo zinafanya kazi.

Mbu watatu, tabia tatu

Katika Afrika Mashariki malaria huenezwa hasa na mbu jike wa spishi tatu. Anopheles gambiae huzaliana katika vidimbwi vidogo vya mvua vinavyopigwa na jua, na hupenda damu ya binadamu. Anopheles arabiensis hufanana naye kiasi kwamba hata hadubini haiwezi kuwatofautisha, ila kipimo cha PCR. Huyu huuma binadamu na ng'ombe pia, ndani na nje ya nyumba. Anopheles funestus huzaliana katika maji ya kudumu yenye majani, kama vile kingo za mito na mabwawa, hivyo huendelea kuwapo hata wakati wa kiangazi. Katika baadhi ya vijiji vya bonde la Kilombero, huyu wa tatu ndiye aliyeonekana kusababisha sehemu kubwa ya maambukizi, ingawa si lazima awe ndiye mwingi zaidi.

Tofauti za spishi hizi haziishii kwenye makazi na chakula. Jenomu ya An. gambiae ilichapishwa mwaka 2002, na mwaka 2015 zikachapishwa jenomu za spishi 16 za Anopheles. Tangu hapo imewezekana kuuliza swali la ndani zaidi: mbu hawa wanapokutana na sumu ileile, je, hujikinga kwa njia ileile?

Jeni iliyopo na jeni inayofanya kazi

Jeni ni agizo la kutengeneza protini fulani. Kuwa na agizo ni jambo moja. Kulitekeleza ni jambo jingine. Seli inapotaka protini, kwanza hutoa nakala ya agizo hilo, iitwayo RNA. Nakala zikiwa nyingi, protini nayo kwa kawaida huwa nyingi. Wanasayansi wanapozungumzia kiwango cha utendaji wa jeni, wanamaanisha wingi wa nakala hizo.

Mfano wake upo katika kila kliniki ya kifua kikuu. Mgonjwa anayetumia rifampisini huongezeka utendaji wa jeni fulani katika ini, na ini hutengeneza kwa wingi vimeng'enya vya jamii iitwayo P450. Vimeng'enya hivyo huvunjavunja dawa nyingine upesi kuliko kawaida. Ndiyo sababu vidonge vya uzazi wa mpango hupungua nguvu kwa mgonjwa huyo, na dozi ya dolutegraviri kwa anayeishi na VVU hulazimika kuongezwa. Dawa haikuharibika, mwili umejifunza kuiondoa haraka.

Mbu naye ana vimeng'enya vya jamii hiyohiyo. Tofauti ni kwamba kwa binadamu hali hii hupita baada ya rifampisini kuachwa, lakini kwa mbu sugu utendaji wa juu wa jeni hizo kwa kiasi kikubwa hurithiwa, kizazi hadi kizazi.

Namna ulinganisho unavyofanyika

Watafiti hukusanya mbu kutoka vijijini na kuwaweka penye kiuatilifu kwa muda maalumu. Waliosalimika hulinganishwa na mbu wa maabara wasio na usugu. Kwa An. gambiae hutumika mara nyingi ukoo wenye asili ya Kisumu, Kenya, kwa An. funestus hutumika ukoo wenye asili ya Angola. RNA ya makundi yote mawili huchukuliwa na nakala za kila jeni huhesabiwa. Jeni ambazo nakala zake zimeongezeka sana kwa mbu waliosalimika ndizo zinazoshukiwa, kisha huchunguzwa zaidi ili kuthibitisha kama kweli protini yake huivunja sumu.

Yaliyoonekana

Viuatilifu vya vyandarua vingi ni vya jamii ya pairethroidi, ambavyo vilitengenezwa kwa kuiga sumu asilia ya ua la pareto. Sumu hii huzuia milango ya sodiamu katika mishipa ya fahamu ya mbu isifunge, naye akapooza na kufa.

An. gambiae amejikinga kwa njia zaidi ya moja. Kwanza, umbo la mlango huo wa sodiamu limebadilika, hata sumu haishiki vizuri. Haya ni mabadiliko katika jeni yenyewe, si katika wingi wa nakala zake. Pili, jeni za P450, hasa CYP6P3 na CYP6M2, zimeonekana kufanya kazi kupita kiasi katika maeneo mengi. Tatu, katika Afrika Magharibi imegunduliwa protini ambayo huwa nyingi miguuni mwa mbu, yaani pale hasa panapogusa chandarua, nayo huifunga sumu kabla haijafika kwenye mishipa ya fahamu.

An. funestus ametegemea zaidi njia ya vimeng'enya. Katika nchi za kusini mwa Afrika, zikiwamo Msumbiji na Malawi, jeni mbili pacha, CYP6P9a na CYP6P9b, ndizo zinazoongoza. Nchini Uganda jeni nyingine, CYP9K1, imechukua nafasi hiyo. Kwa miaka mingi mabadiliko ya mlango wa sodiamu hayakuwa yameonekana kwa spishi hii, hadi yalipogunduliwa mkoani Morogoro. Nayo yalihusishwa na usugu dhidi ya DDT, si pairethroidi.

Basi, usugu si kitu kimoja. Hutofautiana kati ya spishi na spishi, na hata ndani ya spishi moja kati ya nchi na nchi.

Faida kwa mgonjwa

Maarifa haya yamekwisha kuingia vyumbani mwa watu. Vyandarua vya kizazi cha pili vimeongezewa PBO, kemikali inayovizuia vimeng'enya vya P450 ili sumu ifanye kazi yake. Katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, vyandarua hivyo vilipunguza maambukizi ya malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika mwaka wa kwanza na asilimia 33 katika mwaka wa pili, vikilinganishwa na vyandarua vya kawaida. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vitumike katika maeneo yenye usugu.

Hatua iliyofuata ni ya kuvutia zaidi. Klofenapiri ni kiuatilifu ambacho chenyewe si kikali sana kwa mbu. Kikiingia mwilini mwake, vimeng'enya vilevile vya P450 hukigeuza kuwa sumu kali inayokata uzalishaji wa nishati katika seli. Kinga ya mbu imegeuzwa kuwa mtego wake. Katika Wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, ambako An. funestus ni mwenezaji mkuu, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa baada ya miezi 24 asilimia 45.8 ya watoto katika maeneo ya vyandarua vya kawaida walikuwa na maambukizi, ilhali katika maeneo ya vyandarua vyenye pairethroidi pamoja na klofenapiri walikuwa asilimia 25.6. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi yake.

La kumjibu mama

Muhudumu wa afya anaweza kumweleza mama mambo manne. La kwanza, mbu aliye hai alfajiri si ushahidi kwamba chandarua ni kibovu. Klofenapiri huua polepole, na kifo huweza kuja siku ya pili au ya tatu. Kwa kuwa vimelea vya malaria huhitaji takriban siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu, anayekufa mapema hawahi kumwambukiza mtu mwingine.

La pili, hata mbu sugu hawezi kupenya kitambaa kizima. Tundu lishonwe, kingo zichomekwe chini ya godoro, chandarua kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini, kwa maana jua huharibu kiuatilifu.

La tatu, usugu wa mbu si usugu wa vimelea. Mbu kushinda kiuatilifu hakumaanishi kwamba dawa mseto imeshindwa. Mwenye homa apimwe, na akikutwa na malaria amalize dozi.

La nne, chandarua hakimfikii An. arabiensis anayeuma nje wakati wa jioni. Nguo ndefu na kuangamiza mazalia bado vina nafasi yake.

Mbu wataendelea kubadilika, na huenda siku moja klofenapiri nayo ikapatiwa kinga. Kwa sababu hiyo uchunguzi wa jeni zao hauna budi kurudiwa mara kwa mara katika kila eneo, ili chandarua atakachopewa mama huyo safari ijayo kilingane na mbu wa kijijini kwake.